Diski inasingiziwa bure!

Kuna watu, tena waliosomea kompyuta, wanaoshikilia kwamba takwimu za kasi ya diski zikusanywe mahali pamoja tu: juu kabisa, karibu na programu, kwa sababu eti huko ndiko mtumiaji anakoumia. Nakataa.

Chukua seva ya kawaida ya Linux. Data isipokuwa kwenye RAM, ombi la kusoma linatoka kwenye mfumo wa faili, linapita LVM, pengine na dm-crypt inayosimba data ili isisomeke diski ikiibwa, kisha RAID, kisha foleni ya keneli, ndipo draiva inaikabidhi diski. Tuseme umepima juu ukapata milisekunde 20. Nani kazila? Hujui! Pima tena pale draiva inapokabidhi ombi na pale jibu linaporudi. Ukipata 2, basi 18 zimeliwa njiani. Labda foleni imejaa, labda prosesa imelemewa na kusimbua. Kama ni kusimbua, diski mpya ya bei ghali ni pesa za bure.

Wanaopima chini peke yake nao wasicheke. RAID 0 ikigawa ombi vipande 8, saba vikarudi kwa milisekunde 1 na kimoja kwa 30, wastani wa chini haufiki 5. Mtumiaji amengoja 30. Ripoti inang'aa, simu za malalamiko hazikomi.

Halafu kuna mchezo wa iostat. Wanaona mstari wa dm-0 na wa sda, wanajumlisha, wanatangaza seva inasoma maradufu. Ni baiti zile zile, zimehesabiwa zikipita milango miwili! Na ile %util, mwongozo wa iostat wenyewe unaonya kwamba kwa RAID na SSD, zinazohudumia maombi mengi kwa pamoja, haionyeshi kikomo cha uwezo.

Usiniambie kupima kila tabaka ni mzigo. Hesabu za kila siku tayari zimo kwenye /proc/diskstats. Ukihitaji undani, blktrace imekuwa ndani ya keneli tangu toleo la 2.6.17 la mwaka 2006. Unaiwasha ukiitaka, unaizima ukimaliza. Iendeshe kwenye dm-0 na sda kwa wakati mmoja. Kwenye sda, kutoka Q mpaka D ombi liko kwa keneli, kutoka D mpaka C liko kwa draiva na diski.