Utepe wa joto: jina si kipimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie ununuzi wa utepe wa gundi unaohimili joto kali, ule wa rangi ya kaharabu ambao mafundi wengi wanaosuka mota huuita "Kapton". Kama vile kila dawa ya meno ilivyogeuka Kolgeti na kila sabuni ya unga ikawa Omo, kila utepe wa rangi hiyo sasa ni Kapton.

Kapton ni jina la biashara la plastiki iliyobuniwa na kampuni ya DuPont ya Marekani katika miaka ya 1960. Plastiki yenyewe ni poliimidi, na leo hutengenezwa na viwanda vingi duniani. Tena jina hilo ni la plastiki tu. Gundi hupakwa na viwanda vingine, ambavyo huinunua plastiki kwa majora na kuikata. Kwa hiyo mnunuzi anayeandika "Kapton" peke yake katika hati ya zabuni hajasema lolote kuhusu gundi, na gundi ndiyo hushindwa kwanza: plastiki huweza kustahimili hadi nyuzi 400 za Sentigredi kwa muda, lakini gundi ya silikoni kwa kawaida huishia kama 260.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaokimbilia bei ya chini. Utepe wa poliesta ukitiwa rangi ileile, kwa macho hutautambua. Poliesta ya kawaida huhesabiwa kwa nyuzi 130, na mota ya daraja H hudai 180. Pampu ya maji ikiungua, mtaa mzima hukaa na ndoo, na fedha iliyookolewa kwenye roli moja haitoshi hata nauli ya fundi.

Sheria ya mfano ya ununuzi iliyotolewa na UNCITRAL mwaka 2011 hairuhusu kutaja jina la biashara ila pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kitu sawasawa, na hapo yaongezwe maneno "au kinacholingana nacho". Wanunuzi wengine huyaongeza maneno hayo wakanyamaza. Kulingana kwa lipi? Waandike unene wa plastiki, aina ya gundi, joto na muda wa kazi. Kisha waombe kipande, wakibandike kwenye bati la chuma, wakitie katika tanuri nusu saa kwa joto la kazi yenyewe. Kikisinyaa au kikiacha gundi, kirudishwe.

Kwa kuziba sehemu zisizopakwa rangi ya unga, utepe wa poliesta wa kijani hutosha, na kununua wa bei kubwa ni ufujaji.

Muuzaji naye atoe karatasi ya vipimo yenye namba ya toleo la kiwanda, ili roli moja ikigunduliwa mbovu, nyingine za toleo hilo zitafutwe ghalani kabla hazijafungwa kwenye mota.

Mnunuzi wa Vifaa,
Tanga.