Asante kwa Kushiriki

Mdogo wangu anasoma usanifu majengo, mwaka wa nne. Mwaka jana aliingia shindano la kimataifa la wanafunzi: kusanifu soko dogo kwa ajili ya mji wenye mvua nyingi. Ada ya kushiriki ilikuwa kwa dola, na niliilipa mimi, maana yeye hana kadi wala hizo dola. Wiki 6 hakulala sawasawa. Kompyuta ilichemka mpaka akawa anaiwashia feni. Miezi ikapita, ikaja barua pepe ya mistari mitatu: asante kwa kushiriki, kazi zilikuwa nyingi na nzuri, tunakutakia kila la heri. Basi. Jopo la majaji halikumwambia neno lingine.

Nimewauliza walimu na wasanifu wawili watatu, wote wakanipa jibu lilelile: ndiyo kukua huko, mashindano yanamkomaza mwanafunzi. Mimi nasema hapana. Shindano lisilotoa sababu ni bahati nasibu yenye michoro.

Nisieleweke vibaya, sipingi mashindano. Msanifu mmoja wa siku nyingi aliniambia yote ni mbinu ya kuwafanyisha vijana kazi bure, nikamkatalia. Nilimwona mdogo wangu kwa macho yangu. Darasani alikuwa anachora alichoagizwa. Kwenye lile soko ilibidi ajiulize muuza samaki anamwaga wapi maji yake, na mama wa mchicha atakaa upande gani jua la saa nane likipiga. Alitafuta picha na michoro ya Soko la Kariakoo, lile la Beda Amuli lililofunguliwa 1975, akawa ananieleza usiku kucha jinsi paa lake lilivyo kama miavuli ya zege iliyopinduliwa ili kukinga maji ya mvua. Hakuna mtihani uliowahi kumfanya azungumze hivyo.

Sasa paa lake yeye. Hata mimi niliyesoma uandishi wa habari niliona kwamba linamwaga maji yote mlangoni, pale pale wateja wanapoingilia. Je, majaji waliliona hilo? Alishindwa kwa sababu ya paa, au kwa sababu picha zake hazikung'aa kama za wenzake wenye kompyuta za maana? Hajui mpaka leo. Kwa hiyo hana cha kurekebisha isipokuwa kung'arisha picha, na ndicho anachokifanya. Siku hizi anaweka kwenye michoro yake miti ambayo sijawahi kuiona huku kwetu, na watu wa Ulaya wenye mitandio wakinunua nyanya.

Watetezi wa mashindano hupenda kumtaja Maya Lin, na wana haki. Mwaka 1981, akiwa mwanafunzi wa Yale mwenye umri wa miaka 21, alishinda shindano la ukumbusho wa wanajeshi wa Marekani waliokufa katika Vita vya Vietnam. Kazi zilikuwa zaidi ya 1,400, zimepewa namba badala ya majina, majaji hawajui nani ni profesa na nani bado anaishi bwenini. Yake ilikuwa namba 1026: kuta mbili za mawe meusi zilizozama ardhini, majina ya waliokufa yamechongwa kwa mpangilio wa tarehe walizopotea.

Kinachosahaulika, na sisi wa maandishi tusikubali kisahauliwe, ni kwamba michoro yake ilikuwa ya chaki laini, myepesi kabisa. Pembeni yake aliweka maelezo ya ukurasa mmoja, na mwenyewe amesimulia kwamba kuyaandika kulimchukua muda mrefu kuliko kuusanifu ukumbusho. Majaji walilazimika kusoma. Na kazi ile ilizaliwa darasani, katika somo la usanifu wa majengo ya wafu, ambako mwalimu wake aliipa B. Watu huicheka sana ile B. Mimi naiheshimu. Angalau kuna mtu mwenye jina na sura aliyeitazama akasema anavyoiona, na mwanafunzi akajua anabishana na nani.

Tabia ya kuhukumu kimyakimya ni ya zamani, hilo nalo tukubali. Kule Paris, École des Beaux-Arts iliwafundisha wasanifu kwa mashindano karne nzima na zaidi. Mwanafunzi alifungiwa chumbani achore peke yake, na majaji nao walikaa faragha kutoa uamuzi. Lakini mwanafunzi yule alirudi karakana kwa bwana wake na wenzake wakaichambua kazi. Wa kwetu anarudi wapi? Chuoni kwao hakuna hata mwalimu mmoja aliyemwambia alete ile kazi waione.

Utetezi ninaousikia ni kwamba kazi ni nyingi, majaji hawana muda. Eti! Ada mlipokea ya kila mmoja, hamkusema ni nyingi. Sisemi waandike tasnifu. Sentensi mbili zinatosha: paa lako linamwaga maji mlangoni, na hukutuambia choo kiko wapi. Mhariri wangu wa kwanza alikuwa na habari 30 mezani kila jioni, na bado alinirudishia zangu zikiwa nyekundu kwa kalamu yake. Nilimchukia. Hadi leo nikiandika aya ya kwanza bado namsikia.

Na walimu nao waache kujivika ushindi wa vijana huku walioshindwa wakiachwa wajizike wenyewe. Tundikeni ukutani kazi zilizoshindwa. Mwiteni fundi wa kuezeka, mwiteni muuza samaki, waulize maswali yao mbele ya aliyechora. Haihitaji dola.

Wiki hii mdogo wangu kanitumia shindano jingine, ada ileile ya dola. Niliwaandikia waandaaji kuuliza kama wasioshinda hupewa maoni yoyote. Wamenijibu haraka sana, kwa kunitumia maelekezo ya kulipia. Nimemwambia dogo nitalipa, ila kwanza alete ile michoro ya soko tukae mezani, anionyeshe yale maji ya mlangoni atayapeleka wapi.