UCHAKAVU NI WA HARRIER YAKO AU WA WATAWALA?

Kijana mwenzangu, najua ulipo. Uko kijiweni, gazeti hili mnasoma watano kwa zamu, na jicho lako moja liko barabarani. Inapita Harrier nyeusi, vioo giza, muziki unatikisa mtaa. Moyo unakwambia: siku yangu itafika! Sikucheki. Hata mimi ninayeandika haya ninaitamani. Lakini kabla hujauza shamba la babu ili uinunue, kaa hapa tupige hesabu. Ni hesabu ambayo wakubwa hawapendi uipige.

Chukua mfano wa kijana wa Kibimba, wilayani Ngara. Kule magari makubwa si hadithi. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia nchi yao. Nyuma yao yakaja mashirika na mashangingi meupe, na Benaco ikageuka jiji la maturubai. Desemba 1996 wakimbizi wakarudishwa kwao, mashangingi nayo yakaondoka. Mwananchi akabaki na vumbi lake.

Na hadi leo, barabara ya kutoka Lusahunga, Biharamulo, kwenda Rusumo inapitisha magari ya mtumba yenye namba za IT, yametoka bandari ya Dar es Salaam, yanakwenda Rwanda na kwingineko. Kijana amekua akitazama magari ya watu yakipita. Utamshangaa akifika Dar au Mwanza, akishika vijisenti, wazo la kwanza likiwa Harrier? Migomba na kahawa ya baba inapata mnunuzi, na dola zinatumwa Japani.

Hapo ndipo kitendawili kinapoanza. Harrier ilitoka Japani kwa mara ya kwanza mwaka 1997, na nchi za nje ikauzwa kwa jina la Lexus RX. Iliyojaa mitaani kwetu ni ile ya kuanzia 2003, ambayo nyie vijana mmeipachika jina la "tako la nyani". Hiyo ina umri zaidi ya miaka 10, na wengi huchukua ya injini ya 2.4, yaani zaidi ya cc 2,000. Shika kalamu.

Tuseme TRA wameithamini dola 5,000, pamoja na meli na bima. Kumbuka, TRA wana kitabu chao cha bei. Risiti yako ya Japani si msahafu. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25: dola 1,250. Jumla imekuwa 6,250. Juu ya hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa ukubwa wa injini: dola 625. Halafu ndiyo inakuja ile yenyewe, ushuru wa uchakavu, asilimia 30: dola 1,875. Halafu VAT ya asilimia 18 juu ya mrundo wote: dola 1,575. Jumla ya kodi ni dola 5,325. Bado tozo ya reli, bado usajili, bado wakala wa bandari naye hajala.

Umeona? Umenunua gari moja, umelipia mawili. La pili limeegeshwa Hazina!

Tena angalia ujanja uliomo ndani. VAT inatozwa mpaka juu ya ule ushuru wa uchakavu. Yaani unapigwa faini, halafu faini yenyewe inakatwa kodi. Uchakavu ukiuondoa na VAT yake, unaokoa dola 2,200 na ushei.

Watakujibu kwamba magari chakavu yanachafua hewa, na nchi haitaki kuwa jalala. Hoja hiyo ina maana na siibezi. Kenya wao wamekataa kabisa gari la zaidi ya miaka minane. Lakini kwetu gari hilo hilo linaruhusiwa, mradi ulipe. Je, ukilipa asilimia 30 moshi unapungua? Kigogo anayeagiza gari la miaka mitatu halipi hata senti ya uchakavu. Wewe mwenye uwezo wa la miaka 15 ndiye unayebeba zigo. Hiyo ni kodi ya umaskini iliyovishwa koti la mazingira.

Na kama umri ni kosa, tupime wote. Chama kilichozaliwa Februari 1977 na hakijawahi kutoka kwenye usukani, kikipitishwa kwenye kipimo hicho kitalipishwa kiasi gani?

Twende mbele. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari. Wenye magari wakapiga makofi. Lakini fedha ile haikusamehewa, ilihamishwa: shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mafuta ya taa! Bibi wa Kibimba mwenye kibatari, asiye hata na baiskeli, akaanza kuchangia leseni ya shangingi. Bodaboda naye akachangia. Na shangingi lenye namba za STK linajazwa mafuta na nani? Na wewe, na bibi yako. Matairi yake ni wewe. Oili yake ni wewe. Aliyelipanda hajui bei ya shokapu, kwa sababu hajawahi kununua hata moja.

Wewe utazinunua, kwa hiyo sikiliza vizuri. Ukiagiza, dai karatasi ya mnada wa Japani; ikiwa na alama ya R, ujue gari lilishapata ajali likatengenezwa. Usiamini kilomita za kwenye dashibodi, watu huzirudisha nyuma. Injini ya 2.4 inatumia cheni, lakini nyingine hunywa oili kimya kimya, basi vuta kijiti cha oili kila wiki. Ile ya 3.0 inatumia mkanda wa taimingi: ubadilishe kila kilomita 100,000, na kama hujui ulibadilishwa lini, badilisha leo. Ile mpya ya kuanzia mwisho wa 2013, ya cc 1,986, ushuru wa injini ni asilimia 5 tu, lakini gia boksi yake ya CVT inataka oili yake maalumu. Fundi wa chini ya mwembe akikumiminia oili yoyote, umeliwa.

Kisha spea. Utakwenda Gerezani, utaambiwa "hii orijino, bosi". Bushi na boljointi za bandia barabara za vumbi zinazila kwa miezi. Ukiwa na fedha ya kununua gari tu, bila akiba ya kulitunza, hujanunua gari, umenunua banda la kuku lenye vioo.

Basi nasema hivi: shamba usiuze. Harrier nunua kwa faida ya shamba, si kwa shamba lenyewe. Na ukishalipa kodi hiyo ya mara mbili, usinyamaze kama kondoo. Mbunge akija kijiweni kwako, muulize: Serikali ina mashangingi mangapi, yanakunywa lita ngapi, na kwa nini uchakavu unalipwa na mimi tu? Diwani akija Kibimba kwenye mkutano wa hadhara, muulize barabara ya ndani itachongwa lini, maana shilingi 40 za bibi zimeshakatwa. Akitoa kicheko badala ya jibu, jina lake liweke moyoni hadi siku ya sanduku la kura.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.