Bima ya gari: mvua zimetuonyesha tumelipia nini

Mvua za tarehe 14 Aprili 2024 ziliua watu Sharqiya Kaskazini hapa Oman, wakiwemo watoto wa skuli, na siku mbili baadaye zikazamisha magari chungu nzima Dubai na Sharjah. Maji yalipokauka, wapo waliopiga simu kwenye shirika la bima wakajibiwa kwamba gari lao halimo katika mkataba.

Hawakudhulumiwa. Oman huwezi kuhuisha mulkiya bila ya bima, na wengi wetu huchukua ile ya bei nafuu, bima ya mtu wa tatu, ambayo jamaa zetu Tanzania huiita bima ndogo. Hiyo haikuwekwa kwa ajili ya gari lako. Imewekwa kwa ajili ya yule utakayemgonga: matibabu yake, diya akifariki, na gari lake. La kwako likichukuliwa na wadi, hasara ni yako.

Na shamili nayo si shamili kama jina lake. Tazama kama mafuriko na vimbunga vimeandikwa ndani au vinataka nyongeza ya pesa. Hata vikiwemo, anayeingia kwenye wadi inayoteremka anavunja sheria ya barabarani, na hapo shirika linapata mlango wa kukataa. Gari likiingia maji usilitie moto. Lipige picha, ita winchi. Injini ikifa kwa sababu umeiwasha, utaambiwa umeiua mwenyewe.

Mwenye gari kuukuu simlaumu kwa kubaki na bima ndogo. Lakini watu wa Batina, waliopigwa na Shaheen Oktoba 2021, na gari zima limenunuliwa kwa akiba ya miaka? Hapo kubana riali chache sikuoni kuwa ni busara.

Liko jingine linalotuhusu sana sisi tunaopokea wageni. Mjomba amekuja kutembea, unampa ufunguo akanunue mkate. Leseni yake ikiwa haitambuliwi hapa, akamgonga mtu, shirika litamlipa aliyeumia, kisha linaweza kukugeukia wewe mwenye gari likudai lilichotoa. Diya ya mtu mmoja inatosha kuuza nyumba. Muulize leseni kabla hajatoka mlangoni, hata akikasirika.