Dole Gumba Limerudi

Mwaka 1971 nilikuwa mwalimu kijana mwenye suruali mbili na baiskeli ya kuazima. Nilipangiwa darasa la jioni la watu wazima katika kijiji kimoja cha Ukerewe. Wanafunzi wangu walikuwa wavuvi na wakulima wa pamba, baadhi yao wakubwa kuliko baba yangu mzazi. Tulisoma kwa mwanga wa karabai moja, ambayo kila giza la mwezi lilipoingia wavuvi waliiazima na kutuacha tukisoma kwa kukisia. Katika miaka ile, kati ya 1968 na 1972, mikoa yetu ya Ziwa ilikuwa uwanja wa majaribio ya elimu ya watu wazima, mradi uliosaidiwa na UNESCO na wenye makao yake hapa Mwanza. Vitabu vyake vilizungumzia mambo kama pamba na samaki, na mtu alijifunza herufi kwa kusoma habari za kazi ya mikono yake mwenyewe.

Katika darasa lile alikuwamo bibi mmoja mjane. Kwa miaka mingi alikuwa akipeleka pamba yake kwenye mizani. Karani anaandika anachoandika, kisha anamshika mkono, analichovya dole gumba lake katika wino na kuligandamiza juu ya stakabadhi. Bibi hakujua stakabadhi inasema kilo ngapi. Alijua tu kwamba kila mwaka pamba yake ilikuwa nzito kichwani na nyepesi kwenye karatasi. Ilimchukua miezi saba kuzijua tarakimu na kuandika jina lake. Msimu ulipofika, karani akamsogezea kibati cha wino kama kawaida. Bibi akakisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono na kusema, "Nipe kalamu, mjukuu wangu. Lakini kwanza ngoja nisome." Akasoma, taratibu, kwa sauti, foleni nzima ikimsikiliza. Siku hiyo pamba yake iliongezeka kilo kumi na mbili bila mtu kuongeza hata punje moja.

Mwaka 1967 karibu watu wazima wawili katika kila watatu nchini mwetu walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Kufikia 1986 ilitangazwa kwamba waliobaki hawafiki mmoja katika kumi. Sisi walimu tuliofanya kazi ile tulijipiga kifua. Tulisema dole gumba limezikwa.

Msomaji, halikuzikwa. Lilikuwa limelala. Leo limeamka, limevaa saa ya bei kubwa, linaitwa "Nakubali."

Kabla hujanicheka, naomba nieleweke. Mimi si adui wa vyombo vipya. Sisi wa rika langu tunakumbuka kuwa mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Wajukuu wangu nikiwasimulia hawaamini. Hudhani babu amechanganya na hadithi za sungura na fisi. Sitamani marufuku hiyo irudi. Napokea fedha kwa simu, nanunua umeme wa LUKU kwa simu, na mwanangu aliye Toronto namwona uso kwa uso bila kupanda ndege. Ninalolalamikia ni jambo moja tu: kwamba chombo hiki, ambacho hakiwezi kukaa wiki mbili bila kudai kisasishwe, kila kinaposasishwa kinanitaka niseme uongo.

Maana ni uongo. Kinaandika: "Nimesoma na kukubali masharti." Sijasoma. Kinajua sijasoma, kwa sababu kimeyafungua na kuyafunga katika sekunde mbili. Nami najua kwamba kinajua. Miaka thelathini na minane niliwachapa vijana kwa kusema wamesoma kitabu ambacho hata ganda lake hawakulifungua. Sasa katika uzee wangu nafanya kosa hilohilo mara tatu kwa juma, na malipo yangu ni kuruhusiwa kuona picha ya ng'ombe wa shemeji yangu.

Siku moja niliamua kuwa mtu mwaminifu. Nilikwenda stesheneri moja mjini, nikaomba nichapiwe masharti ya programu moja ya simu ili nikayasome nyumbani kwa miwani na chai. Zilitoka kurasa ishirini na tatu, zote za Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Kijana wa stesheneri akaniuliza kwa huruma, "Mzee, kesi ni ya kiwanja?" Mimi nimesomea Kiingereza na nimekifundisha. Ilinichukua jioni nne, na bado aya kadhaa zilinishinda. Sasa fikiria mama anayeanika dagaa, aliyeishia darasa la saba, anakutana na kurasa hizo akiwa amesimama juani, mkono mmoja umeshika fagio.

Kisha kuna suala la kile kinachoombwa. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikapakua programu ya tochi, kwa kuwa sikujua kwamba simu yangu ilikuwa na tochi yake tayari. Programu ile ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote niliyohifadhi na kujua mahali nilipo. Nikakaa gizani nikijiuliza: tochi inataka kumpigia nani? Baadaye nilisoma kwamba si mimi peke yangu niliyekutana na tochi yenye udaku. Mwaka 2013 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilimbana mtengenezaji wa programu ya tochi iliyokuwa katika mamilioni ya simu, kwa kuwa ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo wenye simu kwa watu wa matangazo. Tena ilianza kupeleka hata kabla mwenye simu hajabonyeza kukubali au kukataa! Afadhali karani wa pamba. Yeye walau alikusubiri ufike na gunia.

Usidhani ni ujinga wetu wa kando ya ziwa. Mwaka 2017 kampuni moja ya Manchester, Uingereza, inayotoa intaneti ya bure mahali pa watu wengi, iliingiza kwa mzaha katika masharti yake kifungu kinachomtaka mteja afanye saa 1,000 za kazi za kijamii, zikiwamo za kusafisha vyoo. Katika majuma mawili watu zaidi ya 22,000 walikubali. Waingereza hao, kwa lugha yao wenyewe ya mama, walikubali kusafisha vyoo ili wapate intaneti. Basi nani atamcheka mvuvi wa Ukerewe?

Hata pale tunaposhtuka, hushtuka ovyo. Mwanzoni mwa 2021 WhatsApp walitangaza masharti mapya, dunia nzima ikataharuki, nao wakasogeza tarehe hadi Mei. Katika kundi letu la walimu wastaafu ulizunguka ujumbe mrefu uliosema: "Mimi hapa chini siiruhusu kampuni kutumia picha zangu. Tuma kwa watu kumi." Wakuu wa shule wastaafu, watu waliokuwa wakitunga mitihani, wakautuma kwa watu kumi. Mmoja akautuma mara mbili ili awe salama zaidi. Kisha masharti mapya yalipojitokeza kwenye kioo, wote, nami nikiwamo, tukabonyeza "Nakubali."

Hadi hapa tunaweza kucheka. Sasa nitasimulia jambo lisilochekesha.

Nina jirani, mama anayenunua dagaa visiwani na kuwauza Mwaloni, Kirumba. Biashara ya dagaa, kwa asiyeijua, inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka, taa haziwaiti, na mitumbwi hupumzika. Mwaka juzi giza lilimkuta hana mtaji. Mtu akamwonyesha programu ya mkopo: hakuna dhamana, hakuna safari ya benki, dakika tano tu. Aliomba shilingi laki moja. Akabonyeza "Nakubali" mara nne, kwa haraka, kwa sababu mtumbwi ulikuwa unangoja. Zikaingia sabini elfu. Thelathini zilikatwa mlangoni kwa jina ambalo hakulielewa. Deni likabaki laki moja, kwa siku saba. Upepo ukachafuka, dagaa wakachelewa, na siku ya saba ilipopita mbalamwezi ilikuwa inakaribia.

Siku ya tisa nilipokea ujumbe mfupi kutoka namba nisiyoijua. Ulimtaja jirani yangu kwa majina yake matatu, ukamwita tapeli, ukasema mimi nimetajwa kuwa mtu wake wa karibu, hivyo nimwambie alipe. Nilidhani ni mimi peke yangu. Kumbe ujumbe uleule ulikwenda kwa mchungaji wake, kwa mwalimu wa mtoto wake, kwa wateja wake wa Shinyanga, na kwa mkwewe. Msomaji anayezijua mila za Kisukuma hahitaji kuelezwa maana ya mkwe kuambiwa na mtu baki kwamba mama wa mke wake ni tapeli. Mama yule hakutoka nje kwa siku nne. Siku ya tano alikuja kwangu jioni, akanishikamoo, akakaa kwenye kigoda na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, majina hayo niliwapa lini?"

Aliwapa alipobonyeza mara ya tatu. Iliandikwa kwa Kiingereza kwamba programu iruhusiwe kusoma orodha yake ya majina. Hakujua kwamba anaweka rehani heshima yake.

Na hakuwa peke yake. Watu wamekwisha kuipa mikopo ya namna hii jina lake: kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu mtandaoni bila leseni. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hizo ni hatua njema, nazishukuru. Lakini programu iliyofungiwa leo inaweza kurudi kesho kwa jina jingine na rangi nyingine. Mlango waliopitia bado uko wazi, nao ni hilo neno "Nakubali" linalobonyezwa na mtu asiyejua anakubali nini.

Wapo watakaonijibu: "Mzee, hulazimishwi. Usipotaka, usitumie." Hilo ni jibu la mtu aliyeshiba. Mteja wa Shinyanga halipi tena kwa noti. Anatuma kwa simu. Ada ya shule ni simu, umeme ni simu, taarifa ya msiba ni simu. Na ili uwe na laini yenyewe, tuliambiwa tukasajili kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa Desemba 2019, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Nilipanga foleni siku mbili, kwa sababu chaki ya miaka mingi ilikuwa imenifuta vidole, na kile kifaa kikakataa kuniamini kwamba mimi ni mimi. Nimetoa kidole nipate laini, nilipe ada kwa laini, halafu niambiwe silazimishwi! Hiari ya namna hiyo hata karani wa mizani alikuwa nayo: ukikataa wino, rudi na pamba yako.

Wengine watasema: "Hata yangeandikwa kwa Kiswahili, nani angesoma kurasa ishirini na tatu?" Hapo wamesema kweli, na ndiyo maana sitaki kurasa ishirini na tatu za Kiswahili. Nataka ukurasa mmoja, wenye herufi zinazosomeka, unaojibu maswali manne: Unachukua nini kwangu? Unakipeleka kwa nani? Nitalipa kiasi gani, na lini? Nikitaka kuondoka, mlango uko wapi? Mwalimu yeyote wa darasa la tano anajua kwamba mtoto asiyeweza kueleza jambo kwa maneno machache ama halielewi, ama anaficha kitu. Makampuni haya yana watu werevu. Siamini kwamba hawalielewi jambo lao.

Wala tusidanganywe kwamba Kiswahili hakitoshi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Mwaka 2021 sheria yetu ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa hakimu anaweza kumhukumu mtu kwa Kiswahili, mkopeshaji wa elfu sabini ashindweje kumwambia mteja wake kwa Kiswahili kwamba atamtangaza kwa mkwewe? Tena matangazo yao yote ni ya Kiswahili kitamu, yenye muziki. Kiswahili kinawatosha wanapotuita. Kinawapungukia tunapofika kwenye masharti, ambapo redioni mtangazaji huyakimbiza kwa pumzi moja: "vigezo na masharti kuzingatiwa." Kuzingatiwa na nani, ikiwa hakuna aliyeyaona?

Kwa hiyo natoa shauri langu kwa wenye mamlaka, bila kuzunguka. Ruhusa iliyoombwa kwa lugha ambayo mteja haijui isihesabiwe kuwa ruhusa. Programu inayokopesha fedha isiruhusiwe hata kuomba orodha ya majina ya watu, kwa maana majina yaliyomo si mali ya mkopaji. Ni yetu sisi ambao hatukukopa na hatukubonyeza chochote. Na vyuo vya ualimu, ambavyo nimevitumikia maisha yangu, viwaandae walimu wa kuendesha darasa la jioni kwa ajili ya simu, kama tulivyoendesha la pamba. Kujua kusoma hakumfai mtu aliyekwisha kuzoeshwa kutosoma.

Jirani yangu alimaliza deni lake kwa kuuza cherehani. Siku hizi akiletewa programu mpya huja nayo kibarazani kwangu, tunaifungua pamoja, namtafsiria polepole, na mara nyingi tunaifuta kabla chai haijapoa. Wateja wake wachanga humwona mshamba kwa kuchelewesha mambo. Nami humwambia avumilie kuitwa hivyo, kwani hata yule bibi wa Ukerewe aliichelewesha foleni nzima.