St Patrick's: Bia ya Kijani Si ya Wairishi

Wasee, kila Machi 17 mtandao hujaa picha za bia ya kijani. Hiyo ni story ya Marekani. Dublin msee huagiza Guinness nyeusi ama wiski, na desturi ya kitambo ni kutupia jani la shamrock kwa glasi ya mwisho. Rahisi tu.

Lakini usidhani serikali ya Ayalandi ilikuwa inachekelea. Kuanzia 1927 sheria ilifunga baa siku hiyo, zaidi ya miaka 30! Siku hizi kufuli ni bei: tangu Januari 2022 pombe ina bei ya chini kabisa, na anayeumia ni kijana wa kubeba mikebe ya dukani akakunywe kwa keja. Wa baa hata hashtuki, yake ilikuwa juu kitambo.