Kampuni Moja Haijengi Silicon Savannah

Jamani, tumesifiwa vya kutosha. Kila mkutano wa teknolojia hapa Nairobi lazima mtu asimame aseme Kenya ni Silicon Savannah, na ushahidi ni uleule: M-Pesa. Haya, hebu tuiangalie hiyo M-Pesa kwa macho ya mtu anayeandika programu, si ya mtu anayeandika hotuba.

Safaricom iliizindua Machi 2007. Serikali ya Uingereza ilikuwa imechangia karibu pauni milioni moja kupitia idara yake ya maendeleo, DFID, na Vodafone ikaongeza zake. Programu iliandikwa na kampuni ya Sagentia, ya Cambridge kulekule Uingereza. Seva zilikaa Ujerumani hadi 2015. Mwaka huohuo ndipo API ilipotolewa, yaani mlango rasmi wa programu yako kuzungumza na M-Pesa. Daraja, ambayo hata mwanafunzi anaweza kujisajili na kuijaribu, ikaja 2017. Hesabu mwenyewe: miaka kumi!

Kabla ya hapo watu walifanyaje? Walichomeka modemu kwenye kompyuta, programu ikasoma ujumbe mfupi wa malipo na kuchomoa namba ya stakabadhi. Maneno ya ujumbe yakibadilishwa kidogo, mfumo mzima unalala. Akili za vijana wetu ziliishia kubomoa ukuta badala ya kujenga nyumba.

Sisemi Safaricom ni adui. M-Pesa imewafaa mamilioni, nami naitumia kila siku. Ninachosema ni kwamba kampuni kubwa huzaa kampuni nyingine pale tu inapofungua mlango. Ikiufunga, inazaa wateja.

Tazama Finland. Kufikia mwaka 2000 Nokia peke yake ilikuwa takriban asilimia 4 ya pato la nchi. Hatari hiyo! Lakini mwaka 2003 Nokia na HP zilidhamini shindano la gemu za simu, na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki wakaibuka washindi. Kampuni waliyoanzisha ndiyo Rovio, iliyotoa Angry Birds mwaka 2009. Nokia ilipoanza kupunguza wafanyakazi, mwaka 2011 ilianzisha mpango wa kuwapa hadi euro 25,000 kila mmoja waanzishe biashara zao. Jina la mpango? Bridge. Yaani daraja! Biashara ya simu ilipoingia mikononi mwa Microsoft mwaka 2014, nchi iliumia, lakini wahandisi wake hawakuachwa mikono mitupu.

Na vyuo vyetu je? Nilisoma sayansi ya kompyuta miaka minne. Miradi ya mwaka wa mwisho ilikuwa mifumo ya maktaba na ya hosteli, mwaka nenda mwaka rudi. Inapigwa chapa, inatiwa jalada, inafungiwa kabatini. Hakuna kampuni iliyokuja kutuambia, "Tuna tatizo hili, tusaidieni." Walikuja siku ya kutafuta wafanyakazi. Penye miti hapana wajenzi.

Kuna wenzangu watakaosema: kampuni ilitumia pesa zake, kwa nini ilazimishwe kufungua? Ndugu zangu, rudini juu msome. Sehemu ya mbegu ilikuwa pesa za umma, tena za umma wa nchi nyingine. Na Benki Kuu yetu iliiruhusu huduma hiyo ianze bila leseni ya benki. Aliyefunguliwa mlango na umma hana haki ya kuufunga nyuma yake.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, sheria ya kuingia kwenye mifumo ya malipo iandikwe na msimamizi wa serikali, isiwe hisani ya kampuni inayoshindana nasi. Pili, kampuni kubwa zipeleke matatizo yao halisi vyuoni, pamoja na data na mhandisi wa kuwaongoza wanafunzi. Tatu, mwanafunzi akitunga kitu kizuri, kiwe chake kwa maandishi tangu siku ya kwanza.

Daraja tumepata. Lakini daraja lenye mwenyewe mmoja, akiamua kesho kuweka kizuizi, sisi tutavukia wapi?